Rafu ya 629

Kilikuja ndani ya boksi la viatu,
mbawa nne zimekunjwa kama miguu ya panzi,
na barua ya idara: kisajiliwe.
Miaka kumi na tisa nagonga muhuri wa tarehe
hapa Majengo, kwenye maktaba ya vyumba viwili,
na sikujua droni hugongwa wapi.

Nikakipa namba kama kitabu. 629.
Nikakibandika mfuko wa kadi tumboni.
Charo wa kaunta akacheka: "Kitaruka na kadi, bi mkubwa?"
Nikamwambia, kila kitokacho mlango huu
kina jina la mtu nyuma yake.

Miezi saba tulingoja kibali.
Miezi saba kilirukia ndani,
katika chandarua alichotushonea fundi Shekuwe
kutoka dari ya chumba cha watoto hadi sakafuni:
mbu wetu mmoja, halali, anayelipiwa umeme.
Maelezo yake yalikuwa kurasa sitini
na rimoti sikumkabidhi asiyefika ya sitini.
Wasiosoma wakasoma.
Mbeyu, binti wa muuza mbaazi, alisoma mara mbili,
akaja kuniuliza "mwinuko" ni nini.
Sikuwa na hakika. Tukafungua kamusi, vichwa viwili.

Kibali kikaja na mipaka yake:
msikaribie bandari, msikaribie kambi,
msipite mita hamsini kwenda juu.
Nami nikaongeza langu kwa kalamu nyekundu:
Ua wa mtu ni chumba chake kisicho na dari.

Siku ya tatu tu
Bi Shumi akaingia, mikono ingali na povu.
"Nyinyi ndio mwarusha kidude chenu uani kwangu?
Nami niko kichwa wazi, nafua?
Maktaba ni pa kusoma.
Mwanisoma mimi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari.
Saa nne na robo, Mbeyu, kadi ya mia mbili na kumi.
Mbeyu akainama. Ni upepo, alisema, ulinisukuma.
Kisha akasema kweli: alitaka kumwona mbuzi.
Picha tukaifuta mbele ya mwenyewe.
Akataka ifutwe tena.
Tukaifuta tena, ingawa haikuwapo.

Alipotua pumzi alikaa. Benchi likalia.
Akaiangalia rimoti
kama mtu aangaliavyo nguru wa bei asiyoiamini.
"Na paa langu," akasema, "hicho chaweza kuliona?
Lanivujia kitandani tangu masika ya mwaka jana,
na fundi kila akipanda
yuwashuka na tundu jipya, elfu tatu."

Nikamwandikia kadi. Sahihi alitia mwenyewe,
kwa herufi za chuoni, kutoka kulia,
wino ukichelewa nyuma ya mkono.
Muhuri: kirudishwe Alhamisi.

Wakasimama uani, yeye kajitanda,
Mbeyu ubavuni mwake, mbuzi kafungwa mbali.
Kidude kikapanda kikinung'unika.
Miaka thelathini na moja chini ya mabati yale
na leo ndiyo mara ya kwanza kukutana nayo:
kutu, misumari, kamba ya antena iliyokufa,
na tundu lenyewe, moja tu,
si kubwa kuliko sarafu ya shilingi kumi.
Kando yake, ndara. Ya kushoto. Buluu. Ya mtoto.

Mtoto yuko Doha mwaka wa sita, ana ndevu.
Alichapwa kwa kuipoteza ndara ile.
Aliapa ilirukia juu, na hakuna aliyetazama juu.

Bi Shumi hakusema kitu.
Kidole chake kilikwenda kwenye kioo
kikasita hapo, kana kwamba kingeiokota.
"Hii," akamwambia Mbeyu, "msiifute."

Alhamisi kilirudi kabla ya adhuhuri,
kimefungwa kwa leso safi, betri sifuri,
na sahani ya mahamri juu ya boksi.
Tundu limezibwa kwa lami. Ndara ipo pale pale;
fundi ameonywa asiiguse.

Katika daftari, pale panapouliza
chombo kiliazimwa kwa haja gani,
Charo ameandika neno moja: kuvuja.
Nilitaka kulisahihisha.
Nimeliacha.